Daktari Uweso Atoa Uchawi

Bibi harusi wa Chumbageni alipopasua kicheko ukumbini, Uweso aliiona riziki yake iking'aa katikati ya ulimi wa binti yule. Kipini! Wasichana walimzunguka, hawana habari na mkufu wala shela, wanamsihi atoe ulimi waone tena. Uweso alikuwa amekuja harusini bila kualikwa, na sahani ya pili ya pilau ilikuwa mapajani mwake. Akaiweka chini. Mtu mwingine angeona pambo; yeye aliona makabati ya mama zao.

Haukupita muda akawa Daktari Uweso. Udaktari wenyewe aliupata mitumbani, ulikuwa koti jeupe lenye mfuko uliochanika kidogo. Akapanga chumba cha mbele kwenye nyumba moja ya Ngamiani, akaweka benchi, pazia, na kisanduku cha mahameli kilichojaa vipini vya ulimi. Vyote vilikuwa bati tupu, tena vifupi, maana vifupi ndivyo vilivyouzwa kwa fungu.

Lakini mdomo, jamani! Bwana yule alikuwa ametazama video zote za mafundi wa Ulaya, kila onyo akalihifadhi kama mtoto wa chuoni.

"Ulimi si sikio, dada zangu," aliwahubiria. "Ukitogwa leo, kesho umevimba. Kwa hiyo kipini cha kwanza kiwe kirefu, uvimbe upate nafasi. Ukishapona ndipo unakuja kubadilishiwa kifupi. Na kiwe titaniamu safi. Haya mabati yenye nikeli yatakuwasha mpaka ujute. Sindano mpya, ifunguliwe mbele ya macho yako. Halafu unasukutua kwa maji ya chumvi, pilipili unaisahau, na busu unaliahirisha."

Kila neno lilikuwa kweli tupu, na kwa nini asiseme kweli, ikiwa hakukusudia kumtoga mtu yeyote? Alichokusudia ni dhahabu. Hakutaka pesa, alisema, pesa ni uchafu wa mikono. Wewe leta dhahabu kuukuu ya nyumbani, yeye akupe titaniamu, gramu kwa gramu, "na huko Ulaya titaniamu ndiyo ghali zaidi." Kutogwa bure. Wasichana wakakonyezana, wakajiona wamempata mjinga. Samiha, binti wa mtaa wa pili, alileta vipuli vya mama yake bila mama kujua. Wenzake wakaleta pete za bibi na mikufu ya mashangazi. Vyote vikaingia kwenye mkoba wa ngozi, na watu wakapewa miadi ya Jumatatu. Jumapili daktari alikuwa na safari ya Mombasa, kwa ajili ya afya yake.

Jumamosi asubuhi, Samiha na wenzake wakiwa benchini, akaingia mgeni, Najat wa Kigombe, amefuatana na shangazi yake, Bi Kijakazi, kizee mwenye tambuu shavuni. Mkononi mwa Najat kulikuwa na bangili nene ambayo Uweso hakuweza kuiacha kwa macho.

"Shikamoo, bibi," alisema, akijilazimisha kumtazama mzee.

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye mtoga ndimi?"

"Ndiye mimi."

"Nataka nitogwe," Najat alisema, "na bangili hii nakuachia. Ila kwetu mtu akikukaribisha kinywaji, anakionja yeye kwanza. Anatoa uchawi. Na wewe toa uchawi, daktari. Utogwe wewe kwanza."

Uweso akacheka. Benchi zima halikucheka.

"Dada, mimi mwanamume. Tena fundi hajitogi mwenyewe."

"Nani kasema ujitoge?" Bi Kijakazi akatoa kitambaani sindano iliyo bado ndani ya karatasi yake. "Masikio ya Kigombe yote nimeyatoga mimi. Na mikono nimenawa."

"Kweli bwana, na atoe uchawi!" Samiha akadakia. "La sivyo nirudishie vipuli vyangu."

"Na pete yangu!"

"Na mkufu!"

Mikono ikaanza kuuelekea mkoba. Uweso akautazama mkoba, akaitazama bangili. Hofu ilibisha hodi, lakini tamaa ilikuwa imeshakaa kitako. Akatoa ulimi.

"Kipini kirefu," alijaribu kunong'ona.

"Kiko wapi?" Najat akapekua kisanduku. "Vyote viko sawa. Titaniamu yako mwenyewe, daktari, unaiogopa nini?"

"Bismillahi," akasema Bi Kijakazi.

Sauti iliyotoka kwa Uweso iliwafanya wapita njia wasimame. Benchi likapiga makofi, imani ikarudi, watu wakaenda zao kungoja Jumatatu. Najat hakuondoka. Angekaa, alisema, mpaka ahakikishe ulimi wa daktari umetulia, ndipo avue bangili. Uweso akangoja pia. Angeweza kukitoa kile kipini saa ileile, lakini bangili je?

Kufika alasiri ulimi ulikuwa umejaa mdomo. Kijipira cha juu kilikuwa kimezama ndani ya nyama, na hata kumeza mate ikawa kazi. Uweso alilijua kila jambo litakalofuata, maana alikuwa amelifundisha mwenyewe. Machozi yakamtoka.

"Masikini, kaka yangu!" Najat akaita bajaji. "Twende hospitali. Mkoba nitakubebea mimi."

"Mmmh! Mmmh!" Uweso akatikisa kichwa.

"Usijichoshe kusema. Shangazi, mshike huyu."

Hospitalini wakamlaza. Najat akavua bangili, akamvika yeye mkononi kwa huruma, akasema anakwenda kumwandikisha. Bi Kijakazi akatoka kutema tambuu. Dirishani Uweso akaona bajaji ikigeuza, mkoba uko mapajani mwa Najat. Akapiga kelele za mwizi kwa nguvu zake zote.

"Aii-ii!"

"Najua inauma," nesi akamjibu, akimkandamiza kitandani. "Mjinga gani kakuwekea kipini kifupi? Tena bati!"

Kipini kilipotoka, bangili nayo ilikuwa imeshamwachia duara la kijani mkononi. Shaba. Uweso alikuwa bado akiitazama, mara mlango ukafunguliwa, akaingia Samiha na wenzake, na nyuma yao wanawake wa makamo waliokwishajifunga kanga viunoni.

"Najat katupitia, katwambia umelazwa," alisema Samiha kwa sauti ndogo. "Na mama kafungua kabati. Dhahabu iko wapi, daktari?"

Msemaji mkubwa kuliko wote wa Ngamiani akafungua kinywa. Yakatoka mate.

"Mgonjwa asisemeshwe," nesi akaonya. "Mpaka uvimbe ushuke, labda siku tatu nne."

Mama yake Samiha akavuta kiti, akakiweka karibu kabisa na mto, akakaa.

"Hatuna haraka," alisema.