Wimbo Wangu, Jina la Kesha

Jumatatu, 11 Aprili 1983, Leningrad
Mazoezi kwenye chumba cha boila. Kesha, mwimbaji wetu, kaja na wimbo mwingine, "Mvua Ghorofa ya Tano". Mpiga ngoma akafuta machozi. Machozi! Mimi napiga besi tangu bendi ianze, hata jina la bendi nililibuni mimi, lakini hakuna aliyewahi kulizwa na wimbo wangu. Nikawaambia nami ninao, "Birika". Kesha akasema, Rodya ndugu yangu, huo kauimbe bafuni. Wakaangua kicheko.

Naapa! Jumapili "Birika" utaimbwa kwenye onyesho letu klabuni, na mama atasikia jina langu jukwaani.

Jumanne, 12 Aprili
Bila muhuri wa Zinaida Pavlovna, mkaguzi wa nyimbo wa serikali, hakuna wimbo unaopanda jukwaani. Lazima asome maneno kwanza. Anamhusudu Kesha, chenye jina la Kesha hukipigia muhuri bila hata kuvaa miwani. Na anayepiga chapa maneno ya bendi ni nani? Mimi! Basi "Birika" nimeupa jina la Kesha, upite. "Mvua" nimeupa jina langu, ukatwe. Nitafichua ukweli jukwaani, watu wakishashangilia. Mimi ni kiboko.

Alhamisi, 14 Aprili
"Birika" umepita! Zinaida kasema hatimaye Kesha anaimba maisha ya mfanyakazi.

Kisha akaniita. Ndugu Rodion, mbona mvua yako haikomi? Nikasema ni mvua tu. Akauliza kwa nini ghorofa ya tano. Ningejuaje? Sikuutunga mimi! Kaona ni fumbo la kuisema serikali, kaukata, na kanitilisha sahihi kwamba sitatunga wimbo mwaka mzima. Na nikidai "Birika" ni wangu, nao unakatwa. Nimekwisha.

Ijumaa, 15 Aprili
Kesha kanikumbatia mbele ya wote. Anadhani niliandika jina langu kwenye "Mvua" ili adhabu inipate mimi, si yeye. Kasema hana rafiki mwingine kama mimi, na kwa heshima yangu ataimba "Birika" kwa moyo wote.  Nikajiachia nikumbatiwe.

Jumapili, 17 Aprili
Kaimba polepole, macho kafumba. Ukumbi mzima vilio, kisha "Kesha! Kesha!" Waliokuja na vinasa sauti wameurekodi, na tayari watu wanagombea kanda. Mama, mstari wa mbele, leso imelowa chapachapa.

Nyumbani akanimiminia chai akauliza, Rodya mwanangu, kwani wewe unashindwa nini kutunga kitu kama kile cha Kesha? Niliumia. Niliumia kabisa. Nikamjibu nitajitahidi.

Jumatatu, 18 Aprili
Nimepata dawa! Lililofungiwa ni jina langu, si kalamu yangu. Nimetunga "Sufuria", bora kuliko "Birika" mara mia, na asubuhi hii nimeupeleka kwa Zinaida kwa jina la mama. Safari hii hakuna wa kuniibia sifa. Mama hata kuimba hajui.