Shingo Yangu na Futi ya Fundi

Jumatatu, 3 Machi
Shingo inawasha. Naandika kwa mkono mmoja, wa pili uko kazini. Leo kinyozi, adui yangu, amepimwa shati. Nimemwona vizuri kutoka kwenye mashine yangu ya fotokopi: kifua mbele, fundi cherehani anazungusha futi shingoni, kidole chake kinapita chini ya futi ili kola isibane. Kidole! Miaka miwili nakaa mkabala na mwanamke huyu, hajawahi kunigusa hata akipokea nakala zake. Nimeamua. Nami nashona shati.

Jumanne, 4 Machi
Tatizo ni ukurutu. Umepanda hadi chini ya sikio, mwekundu, unabanduka magamba. Akiuona atadhani naambukiza. Dada anasema ukurutu hauambukizi, nesi alishanieleza na kunipa krimu, na karatasi ya maelekezo inaozea kabatini. Nikamwambia asiingilie mambo ya wakubwa. Akanikumbusha mkubwa ni yeye.
Mkakati: skafu. Na marashi, mengi.

Jumatano, 5 Machi
Nimekwisha! Jua linachoma, mimi na skafu ya sufu. Fundi akauliza kama naumwa. Nikasema ni mtindo. Akaniomba niivue apime shingo. Nikasema apime juu yake. Akanitazama, akapima. Kidole kikapita, lakini upande wa pili wa sufu! Nilikuwa karibu naye kiasi cha kuona uzi uliomganda kwenye nyusi, na sikuhisi chochote. Marashi nayo yameniunguza shingo nzima. Kinyozi akapita, akauliza kwa sauti theluji itaanza saa ngapi.

Ijumaa, 7 Machi
Shati tayari. Kola inaingia watu wawili. Nikawa najiondokea, fundi akaniita pembeni. Kumbe aliiona shingo yangu zamani! Huwa najikuna kwa rula ya ofisi, na dirisha langu ni la kioo. Mama yake anaumwa hivyohivyo. Ndiyo maana ameshona kwa pamba tupu, lebo hajaweka, mishono ya ndani ameilaza. Halafu akanifokea. Sufu inawasha, marashi yanachoma. Nioge maji ya uvuguvugu, nisikawie bafuni, nijipake mafuta mazito yasiyo na harufu ngozi ikiwa bado na unyevu. Krimu ya nesi nipake palipowaka tu, kwa siku alizosema. Kucha nikate. Kola ataipunguza shingo ikitulia, na kila asubuhi atanikagua mlangoni kwake.
Kila asubuhi!
Nyumbani nikaichomoa karatasi ya nesi. Maneno yaleyale. Dada akauliza kwa nini machozi yananitoka. Nikasema ni muwasho.

Jumatano, 12 Machi
Anakagua kweli. Ananiambia geuka, nageuka, anasema afadhali. Jana alinigusa chini ya sikio kwa ncha ya kidole aone kama pamekauka. Nimekata kucha mara mbili wiki hii. Natamani siku moja iwe na asubuhi mbili.

Ijumaa, 21 Machi
Nimepona! Hata kinyozi ameitazama shingo yangu kwa kijicho. Fundi amepima kola upya, chapchap, macho kwenye futi. Akanipongeza. Akasema niendelee na mafuta hata kusipowasha, maana ukurutu una tabia ya kurudi. Ila ukaguzi sasa basi, kila mtu ashike kazi yake. Nikasema asante. Nilitaka kusema mengine, nikarudi kwenye mashine yangu.

Jumatatu, 24 Machi
Nimepita mlangoni kwake mara nne. Amenisalimu vizuri, vilevile anavyomsalimu muuza maji. Shati limenikaa sawasawa na hakuna anayelitazama. Nimemkumbuka huyu mwanamke, na yuko hatua kumi tu kutoka kwenye mashine yangu. Inauma kuliko muwasho wowote.
Dada ameuliza mbona mafuta sijayagusa tangu juzi. Nimemwambia nayapumzisha.
Nimefikiri sana. Kesho nitajikuna. Kidogo tu, upande wa kushoto, ule anaouona akiwa kwenye cherehani.