Mashine Iliyofunguka Siku ya Salongo

Jumanne, 8 Machi 1988
Leo saa nne asubuhi nimepoteza kazi ya kulinda ordinateur, ile kompyuta ya ofisi ya kahawa. Kazi yangu! Papa Télesphore, directeur wa ofisi, aliniahidi Jumamosi kwa mdomo wake. Wengine walikuwa salongo, kazi ya lazima ya kila Jumamosi, wanafagia barabara. Yeye kila salongo mguu unamuuma. Mimi nilijificha ofisini kwake. Nikabonyeza vitufe vyangu saba, nikaipiga mashine kofi ubavuni, nikafunua kitambaa cha vumbi: barua zote za ofisi mbele yetu! Bila mot de passe, lile neno la siri. Mimi, fundi wa radio wa Bagira, nisiyesomea popote!

Leo akaleta Firmin, mtafiti wa kituo cha Lwiro. Eti nirudilie. Nikarudilia. Mashine ikakataa. Maman Domitille, sekretere, akauliza kama dawa yangu imelala. Moja juu ya mbili: asilimia hamsini.

Jumatano, 9 Machi
Firmin anataka nieleze nilibonyeza nini, na mashine ilikuwaje kabla sijaigusa. Siri ya kazi, nikamwambia. Akanijibu: "Papa Anaclet, kama inatumika mu mikono yako tu, ile iko dawa, haiko science." Diplôme inasumbua watu! Nikarudia yote ya Jumamosi: suti ileile ya abacost ya buluu, mihogo ileile, kwa miguu toka Bagira, kitambaa juu. Ikakataa. Lakini mvua ilinyesha. Siku ya mvua haihesabiwi. Tunabaki hamsini.

Jumamosi, 12 Machi
Salongo. Filimbi ikalia, Domitille akatupa kitambaa juu ya mashine, mbio. Nikabonyeza. Ikafunguka! Nilipiga kelele mpaka mguu wa directeur ukapona.

Firmin akarudisha kitambaa, akamwita muzee Mushagalusa wa geti abonyeze anachotaka. Muzee akaweka kiwiko juu ya vitufe. Firmin akafunua: barua zilezile! Domitille akarudi na ufagio wake. "Mais tonton, filimbi ikilia mi naiachaka wazi. Nani atangoja kufunga, na bakubwa ba salongo beko ku mulango?"

Firmin akafurahi. Akaninong'oneza nikubali tu kwamba nimegundua tundu: kila salongo mashine inaachwa wazi. Directeur akasema nikikubali, kazi ni yangu. Nikubali? Na vitufe vyangu saba je? Nikakataa. Kazi wamempa Mushagalusa: filimbi ikilia, afunge. Mtu wa kiwiko!

Jumapili, 13 Machi
Baada ya misa nimepiga hesabu upya. Siku za salongo: mbili juu ya mbili. Asilimia mia! Shida ni Jumanne na Jumatano. Nimemwandikia directeur, anaipata kesho asubuhi: Papa, uitishe salongo Jumatano. Domitille aondoke mbio vilevile, asiguse kitu. Mushagalusa abaki nyumbani na kiwiko chake. Ndiyo au hapana? Nangoja jibu kesho, kabla ya saa sita kamili.