Friji ya Wastani

Mtaani walimwita Profesa kwa sababu ya miwani yake, ambayo haikuwa na vioo. Alikuwa kwa kinyozi, shavu moja limejaa povu, pale mteja wa kiti cha pili alipoanza kuitukana simu. Friji yake ilikuwa imekufa, na kila akiwapigia waliomuuzia, sauti tamu ilimweleza kwamba wastani wa kusubiri ni dakika mbili. Alikuwa anasubiri tangu kabla ya kunyolewa, na sasa alihisi ndevu zinaota upya.

Watu wengine wakisikia kilio hutoa pole. Profesa hutoa kadi ya biashara. Alifuta povu, akaenda moja kwa moja kwa mwenye duka hilo la friji, mama mmoja mpole wa sauti, akamwarifu kwamba mji mzima unamwita mwongo. Mama akakiri kuwa zile dakika mbili alizibuni tu, kwa kuwa zilisikika vizuri. Profesa akatikisa kichwa kama daktari. Uongo, alisema, ni kazi ya wasiojua hesabu. Yeye angezifanya ziwe kweli bila kuajiri mtu hata mmoja.

"Utazifanyaje?"

"Simu nyingi tunazipokea papo hapo, tunashukuru, tunakata. Hao hawakusubiri kabisa. Chache zinazobaki zingoje mpaka zichoke. Ukizijumlisha zote, ukagawa, wastani unashuka wenyewe."

Mwenye duka alimtazama kama mwanafunzi aliyefunguliwa macho. Kwa malipo, Profesa alitaka friji kubwa kuliko zote, maana mama mkwe wake alikuwa anaanza biashara ya samaki, na machoni pa mama mkwe huyo Profesa hakuwa na sifa hata ya kukopeshwa. Friji ikaja na utepe mwekundu. Mama mkwe akaijaza samaki, akamwita "mwanangu" kwa mara ya kwanza tangu harusi.

Asubuhi nyumba nzima ilinuka. Profesa akapiga simu. Ikapokelewa papo hapo, akashukuriwa, ikakatwa. Akapiga tena, akashukuriwa tena. Hatimaye moja ikapita, akasubiri mpaka sikio likachemka, kisha akaenda mwenyewe.

"Mama, friji yako inapasha joto."

"Friji zangu kwa wastani zina baridi nzuri sana," mwenye duka alijibu kwa upole. "Kuna mteja mwingine mlango wake haufunguki kwa barafu. Mtafute, mgawane."

Profesa akatambua somo alilomfundisha mwenyewe, akageuka kurudi.

Nyumbani, mama mkwe alikuwa amekaa mlangoni, leso puani. Profesa akajieleza kwa kirefu, akaingia mpaka kwenye wastani, akidhani hapo huenda akapona. Mama mkwe alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nimeelewa," alisema. "Mimi nina wakwe wawili. Kwa wastani ni wanaume wazuri. Mwenzako ndiye anayekubeba."