Spika Zilizotoka Ndhiwa

Jumapili, 3 Agosti 2025

Edinah,

Nyanchoka amepiga simu kutoka Homa Bay baada ya chakula cha mchana. Siku hizi binti yako ananiongelesha polepole, kama daktari. Anasema nyumba hii ni kubwa kwa mtu mmoja. Anasema wamenitengea chumba kwake, dirisha linaangalia ziwa, na hapa tuwapangishe walimu. Nilimuuliza lini. Akasema kabla shule hazijafunguliwa, mwisho wa mwezi.

Sitaki kuhama Migori. Sikumwambia hivyo. Nilimwambia mtandao unasumbua, nikakata.

Nimekaa nikafikiria. Nyanchoka hanisikilizi mimi, lakini anawasikiliza watoto wake. Watoto wakililia kuja kwa babu kila likizo, nani ataipangisha nyumba? Shida ni kwamba wakija hapa wanashinda kwa Onchiri, ng'ambo ya ua. Onchiri amenunua televisheni inayojaza ukuta. Mzee wa kanisa! Anasema ni ya kutazama mahubiri. Aprili wajukuu wetu walitazama mahubiri huko siku nzima, wakarudi wakirushiana mateke.

Mpango wangu ni huu. Nitaweka sinema kwenye chumba cha chini ya nyumba, ulipokuwa ukihifadhi mahindi na vitunguu. Hakina dirisha. Giza lipo tayari.

Jumatatu, 4 Agosti

Dukani kwa Yassir. Ameniuliza nataka wati ngapi. Nikasema za kutosha. Ameniuliza nataka besi ya aina gani. Nikasema yenye adabu.

Akanionyesha seti ya spika tano ndogo na sanduku moja la besi. Mbili mbele, moja katikati, mbili nyuma ya kichwa. Nikauliza za nyuma zina kazi gani. Akasema mvua ikinyesha kwenye filamu, nitaisikia mgongoni. Nikamwambia hiyo ninayo nyumbani, bati la sebuleni limetoboka.

Nikampa simu aweke video ya kwaya yenu makambini, kwenye mikutano ya kanisa, ile Nyanchoka aliichukua mlipovaa sare mpya za bluu. Wewe ni wa tatu kutoka kushoto, kando ya Nyatichi, unaimba sauti ya pili. Hiyo ndiyo mizani yangu. Spika isiyoweza kukutoa kati ya wale wanawake haiingii kwangu. Yassir akaweka. Nikasikia kinanda. Nikasikia mwalimu wa kwaya. Nikasikia mtoto wa mtu akilia. Wewe hapana. Nikainamisha sikio mpaka wateja wakadhani nanusa bidhaa.

Nimenunua projekta tu. Yassir alinisindikiza mlangoni, akasema, mzee, unatafuta spika au unatafuta mtu? Ni kijana mzuri.

Jumanne, 5 Agosti

Nimeenda kwa Onchiri kupeleleza. Nilijifanya nataka ngazi. Spika yake ni nyembamba na ndefu, kama rula ya mwalimu. Nilimwomba tujaribu video yangu. Akaongeza sauti, akafumba macho kama mtaalamu, akasema Edinah huyo hapo, anasikika wazi kabisa. Alikuwa anamsikia Nyatichi.

Akauliza nataka kufanya nini. Nikasema napanga upya magunia ya mahindi. Akasema hajawahi kuona mahindi yanayohitaji kusikilizishwa kwaya. Nikabeba ngazi nikaenda. Sasa nina ngazi nisiyoihitaji na kesho ataijia.

Jumatano, 6 Agosti

Nimepiga makofi chumba cha chini. Makofi yakanirudia, yakaenda tena, yakarudi. Yassir alinionya kuhusu mwangwi. Nimetundika blanketi zote kwenye kuta. Zilipoisha nikatundika trei za mayai. Zilipoisha nikapanga magunia. Nikapiga makofi tena. Kimya, kama kupiga makofi ndani ya mto wa kulalia. Hata simu imekufa huko, haipati mtandao kabisa. Vizuri. Nyanchoka hatanipata nikiwa kazini.

Nimetundika projekta darini na kuijaribu kwa filamu ya tembo. Tembo walitembea miguu juu. Niliwatazama kwa muda kabla ya kuamini kwamba kosa ni langu. Shuka la kitandani ndilo pazia letu. Lile la pembe iliyoungua pasi. Tembo wote wanapita kwenye ile alama.

Jumatano ingekuwa njema, lakini Onchiri ameijia ngazi yake na akakuta sijaitumia. Amesema ataniombea.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimeipata! Ndhiwa, nyuma ya soko, kwa mtu anayeitwa Nicanor. Anakodisha vyombo vya matanga: hema, viti, jenereta, spika. Ana spika mbili za zamani anazotaka kuziuza, kila moja ni kabati. Kabla sijafungua mdomo alinipa mkono na kusema, pole sana jaduong', yaani mzee, mnazika lini? Nikamwambia hakuna mazishi, ni sinema. Akasema kila mtu ana njia yake.

Tukaunganisha na amplifaya, nikatoa simu. Edinah, nilikusikia. Pale mwanzo tu, katikati ya kelele za soko na mbuzi. Sauti ya pili, chini kidogo ya wenzako, bila haraka. Nicanor alijifanya anatafuta waya.

Hizo spika ni zangu. Ataleta kesho.

Ijumaa, 8 Agosti

Zimefika mchana. Pikapu ya Nicanor ilikuwa imebeba pia nguzo za hema na viti vya kupeleka kwingine, na utepe wa zambarau umefungwa mbele. Mimi sikutoka. Nilikuwa chini nikisogeza magunia, vijana wake wakateremsha kila kitu. Nicanor amesema wanawake wa kisimani walimuuliza anavipeleka kwa nani, naye akawaambia ni kwa Mzee Arasa. Wakaweka ndoo chini. Nimefurahi. Habari za sinema zimeanza kuenea.

Sasa jua linakaribia kuzama. Sabato ikiingia siwezi kuwasha tembo. Nitafunga mlango wa mbele, nishuke, nijaribu kwa nyimbo za kanisa. Nyanchoka amesema watoto wanakuja Jumapili. Lazima kila kitu kiwe tayari.

Jumamosi, 9 Agosti. Sabato

Nitakueleza yote kwa utaratibu.

Jana jioni niliwasha kwaya yenu. Nikaongeza sauti. Vumbi la mahindi likashuka kutoka darini. Nilikaa juu ya gunia, nikarudia wimbo, nikarudia tena, nikasahau dunia. Kumbe nje, majirani waliokuwa wameona pikapu ya matanga ikiingia kwa mjane walisikia nyimbo za maombolezo zikitoka ardhini. Walibisha hodi. Mlango umefungwa. Walipiga simu. Haipatikani.

Nilipopanda juu kutafuta maji ya kunywa, nikasikia watu uani. Nikachungulia. Wanawake walikuwa wameleta kuni. Mtu alikuwa amekoka moto. Na Onchiri alikuwa amesimama kwenye kiti changu cha varanda, kofia mkononi, akihutubia.

Nikiri kwamba sikufungua mara moja. Alikuwa amefika pazuri. Alisema Arasa alikuwa mtu mpole, asiye na makuu, aliyempenda mke wake. Alisema nilikuwa mkaidi, lakini ukaidi safi. Kisha akaikunja kofia.

"Ndizi zake zilizishinda zangu," akasema. "Miaka yote hii nilijua. Leo nasema mbele ya watu."

Nikafungua mlango. "Onchiri," nikamwambia, "rudia hapo pa ndizi."

Nyatichi alipiga kelele akaangusha kuni. Wengine walifika barabarani kabla ya kugeuka. Onchiri alishuka kitini taratibu, akakaa chini, kiti kikiwa nyuma yake. Alipopata pumzi alisema maneno ya matangani hayahesabiwi na ndizi zangu ni za kawaida.

Ingekuwa kicheko mpaka leo, ila Onchiri alikuwa ameshampigia Nyanchoka.

Alifika na watoto wakati tunanywa chai. Gari lilikuwa halijasimama vizuri alipofungua mlango. Alinitazama. Alinipiga kifuani kwa ngumi zote mbili, kisha akanishika asiniachilie, akilia kama alivyolia ile siku ya kukuzika. Nilijua imeisha. Hata mimi ningekuwa yeye ningenihamisha. Alisema nifungashe nguo, tunaondoka Sabato ikiisha. Hakupandisha sauti. Ningefurahi kama angepandisha.

Asubuhi hii aliomba aone kilichokaribia kumuua. Nikampeleka chini. Alipapasa blanketi moja ukutani. Nikaweka video, sauti ya chini, kwa sababu sikuwa na la kujitetea.

Na kabla ya ubeti wa pili, kinanda kiliponyamaza, tulisikia kitu ambacho simu, Yassir na ile rula ya Onchiri hazikuwahi kukitoa. Ulimnong'oneza Nyatichi.

"Sogea, mama. Unanikanyaga."

Kisha ukaimba kama hukusema neno.

Nyanchoka alirudisha nyuma. Akasikiliza tena. Akacheka huku amefunika mdomo, machozi yakipita kati ya vidole. Tulikaa kwenye magunia tukakusikiliza ukimfukuza Nyatichi kwenye mguu wako mpaka tukakosa kanisa.

Alipoinuka alijipangusa unga wa mahindi. "Kaa, Tata," akasema. "Kaa, baba, mpaka Desemba, halafu tuone. Lakini hizi kabati zirudi Ndhiwa. Na usinunue tena kitu chochote cha matanga."

Nimeahidi.

Jumapili, 10 Agosti

Watoto hawajaenda kwa Onchiri hata mara moja. Ila hawatazami sinema. Wamegundua mchezo mwingine: wananilaza juu ya magunia, mkubwa anahubiri, wadogo wanalia, kisha nafufuka na wote wanakimbia. Nimefufuka tangu asubuhi. Mgongo unauma. Onchiri alikuja kulalamika kuhusu kelele, wakampa nafasi ya mhubiri. Bado yuko huko chini.

Nyatichi ameiomba ile video. Anasema yeye ndiye aliyekanyagwa.

Jumatano, 13 Agosti

Nimerudisha spika Ndhiwa, kama nilivyoahidi. Kabla ya hapo Nyanchoka aliinasa ile sauti yako upya kwenye simu yake, sasa inasikika hata bila kabati. Nicanor alizipokea kwa huzuni, akaniuliza kama sinema imekufa. Nikamweleza kilichotokea. Tukafikiria pamoja.

Shida haikuwa spika. Shida ni kwamba nilikuwa chini ya ardhi, watu hawakuniona. Sinema ikiwa uani, juu, mimi nimekaa mbele ya wote, nani atasema nimekufa? Kinachohitajika ni kivuli tu. Nicanor ana hema kuukuu, jeupe, lenye pindo za zambarau. Tumebadilishana. Ameongeza na viti. Nyanchoka alikataza kitu cha kununua. Hili sijanunua.

Ataleta Ijumaa, kwa ile pikapu. Nimemwambia apitie kisimani na kuwasalimia wanawake vizuri, wajue kwamba safari hii ni furaha. Onchiri sijamwambia. Nataka ashangae.

Kanisa letu linasema umelala na hujui lolote mpaka asubuhi ile ya kuamshwa. Mimi si wa kubishana na kanisa. Naandika tu. Siku hiyo ukiamka kutakuwa na watu wengi, Edinah, na kila mtu atakuwa anaita mtu wake.

Unikumbuke.