Vitabu Vipya Vilivyosomwa Nyumbani Kwetu

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimeshtuka. Mwalimu wa Kiswahili ameingia darasani na boksi la vitabu vipya, bado vinanuka wino. Amesema gazeti la Jumapili linatafuta mwanafunzi mmoja wa kuhakiki vitabu vipya kila wiki kwenye ukurasa wa vijana. Jina litachapishwa. Picha pia. Mhariri atakuja Ijumaa kuwasikiliza wanafunzi wawili mbele ya wazazi, kisha atachagua mmoja. Wa kwanza ni Kiranja, bila shaka. Wa pili ni mimi. Nikageuka kumtazama aliyeitwa. Nyuma yangu kuna ukuta.

Vitabu ni vinne: riwaya ya mapenzi, riwaya ya upelelezi, mwongozo wa kufuga kuku na diwani ya mashairi. Kila mmoja wetu amepewa seti yake. Kiranja ameanza kusoma huku anatembea. Amegonga mlingoti wa bendera, akauomba radhi, akaendelea.

Jina langu halijawahi kuonekana popote zaidi ya kwenye daftari la mahudhurio. Nafasi hii naitaka kuliko kitu chochote.

Jioni nimepiga mistari ya pambizo na kuandika vichwa kwa rangi mbili: muhtasari, wahusika, dhamira, fani, maoni. Kazi imefika nusu. Imebaki kusoma tu.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Riwaya ya upelelezi ni nene kama tofali. Nimeisimamisha mezani, ikasimama yenyewe. Siwezi kuimaliza hata nisipolala.

Nimepata mpango. Mama anashona nguo hapa hapa nyumbani na hupumzika uzi ukikatika. Amepewa riwaya ya mapenzi. Bibi, mama yake Baba, hushinda barazani akilinda bustani yake ya mboga. Amepewa kuku. Mjomba ni kinyozi, na siku hizi viti vya saluni yake vinakaliwa zaidi na yeye mwenyewe. Amepewa upelelezi. Mashairi nimejibakizia mimi, kwa sababu kurasa zake zina nafasi nyingi nyeupe.

Nimewaambia wasome vizuri wanisimulie, mimi nitaandika kitaalamu. Mama ameuliza kama huo si udanganyifu. Nimemjibu kwamba mhariri naye ana wasaidizi. Akasema haya, mwanangu, lete.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Vitabu vya siku hizi vinatisha.

Mama amenisimulia riwaya ya mapenzi huku mguu ukiwa kwenye cherehani. Inahusu mwanamke mvumilivu aliyeolewa na seremala. Seremala huyo anatengenezea mji mzima milango, lakini mlango wa bafu la nyumbani kwake umefungwa kwa waya. Kila mwezi anasema kesho. Mkewe akioga inabidi aimbe, ili watu wajue yumo ndani. Nimeshtuka sana. Baba yangu ni seremala, na mlango wetu wa bafu nao umefungwa kwa waya! Mwalimu alitufundisha kwamba fasihi ni kioo cha jamii, lakini sikujua kioo chenyewe ni kikubwa hivi. Nimemuuliza Mama kama mwisho wake ni mzuri. Amesema mwisho bado haujaonekana.

Bibi naye amemaliza kuku kwa asubuhi moja. Amesema mwandishi anathibitisha kwamba kuku hufuata tabia za mwenye kuku. Kuna sura nzima, amesema, kuhusu mwanamke msomi anayeamrisha watoto wa shule kwa kengele, lakini kuku wake hawajui hata kukaa upande wao wa uzio. Wanakula mboga za mjane. Nimewaza: Mwalimu Mkuu wetu, tunayepakana naye uzio, anafuga kuku vile vile. Inaonekana ni tatizo la kitaifa.

Mjomba ndiye aliyenishangaza zaidi. Muuaji ni kinyozi! Amefungua saluni mkabala na kinyozi mwaminifu, akaweka kioo cha ukuta mzima na feni, akamnyang'anya wateja mmoja mmoja, halafu akaanza kuua. Nimeuliza alimuua nani. Mjomba akasema hilo si muhimu, mpwa wangu, wewe andika kioo.

Baba yake Kiranja ana saluni mkabala na ya Mjomba, tena yenye kioo na feni. Nimemhurumia Kiranja. Sijui atakisomaje kitabu hicho bila kuumia.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Nimesoma mashairi yote kabla ya chai. Sijaelewa hata moja. Nimeandika kwamba mshairi anaheshimu ukimya.

Shuleni Kiranja ameniambia alilia alipomaliza riwaya ya mapenzi. Nimeshangaa mtu kulilia mlango. Nikamwambia mimi nilikasirika tu, maana fundi hata bawaba mbili zinamshinda. Akaniuliza kama nimekula.

Anataka kunivuruga. Namjua.

Jioni nimefungua kitabu cha Mama ili ninukuu sentensi moja kuhusu waya. Alama yake ya uzi iko ukurasa wa tisa. Nimeona habari za ndege na dhoruba. Nadhani mlango unakuja baadaye. Nimefunga, nisije nikajiharibia utamu.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Nitaandika kwa utaratibu.

Ukumbi ulijaa. Mwalimu Mkuu alikaa mbele na mhariri. Baba alikuja na shati lililopigwa pasi, katikati ya Mama na Bibi. Baba yake Kiranja alikaa nyuma yao. Mjomba akachelewa, akakosa kiti kingine, akakaa ubavuni mwake.

Kiranja alitangulia. Alisoma bila kukwama. Riwaya yake ya mapenzi ilikuwa na rubani wa kike. Nikamwonea huruma: kumbe walimpa kitabu tofauti.

Kisha mimi. Nilianza na kuku. Nilipofika kwa mwanamke msomi mwenye kengele, watoto wa madarasa ya chini wakacheka. Mwalimu Mkuu aliacha kuandika. Nilipotaja mboga za mjane, akageuka polepole kumtazama Bibi. Bibi alikuwa anatazama dari, kama mtu anayetafuta linapovuja.

Nikajiambia, fasihi inafanya kazi.

Nikaingia kwenye upelelezi. Nilisoma kwa sauti nzito kuhusu kioo, feni na muuaji. Baba yake Kiranja alisimama. Akaniuliza kwa upole, binti, haya umeyatoa wapi. Nikamjibu, kwa mwandishi. Akaniuliza ukurasa wa ngapi. Mjomba akainama kutafuta kitu chini ya kiti na hakuinuka tena. Baba yake Kiranja akakiambia kisogo cha Mjomba kwamba feni alinunua kwa jasho lake, na aje apepewe bure akitaka.

Ningeweza kuishia hapo. Lakini nilikuwa nimejiandaa.

Nikasoma ya seremala. Nikasoma waya. Nikasoma kesho. Nikasoma kwamba mke huimba bafuni. Sauti moja ya mama jirani ikasema nyuma: kumbe ndiyo maana ya zile nyimbo za alfajiri. Ukumbi ukaangua kicheko. Mama alijifunika uso kwa mkoba. Baba alimwinamia, akamuuliza jambo. Bibi aliniambia baadaye kwamba aliuliza kama kweli hayo yameandikwa kitabuni, na Mama akajibu kwamba yeye hajafika mbali.

Mhariri alikuwa anafuta machozi. Akaomba nifungue riwaya nimwonyeshe mlango. Nikafungua katikati. Ndege. Nikafungua mwishoni. Ndege inatua. Nikafungua popote. Rubani, dhoruba, rubani, busu, dhoruba. Hakuna mlango, hakuna seremala, hakuna hata msumari.

Watu wote walishtuka leo. Hakuna aliyeshtuka kama mimi.

Kiranja amepata nafasi. Nilienda nyuma ya stoo ya viti, nikalia mpaka kola ikalowa. Mhariri akanikuta huko. Alisema ukurasa una nafasi ya uhakiki mdogo wa pili. Akanipa kitabu kipya, kumbukumbu za golikipa mstaafu, akasema nikisome mwenyewe, jalada hadi jalada, na nimpelekee maandishi Ijumaa ijayo. Yakiwa mazuri, jina langu litatoka chini ya la Kiranja. Alilirudia neno “mwenyewe”. Sijui kwa nini.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Nyumba imenuna.

Baba ameamka na randa, ameweka mlango mpya wa bafu wenye komeo la shaba. Mama ameoga asubuhi na mchana, kimya kabisa. Mjomba alivuka barabara kuomba radhi, akarudi amenyolewa vizuri na amekasirika zaidi. Mwalimu Mkuu amewafungia kuku wake. Bibi amekaa barazani bila wa kumfukuza, akaniambia, mjukuu wangu, bustani imepooza.

Hakuna anayenisemesha zaidi ya hapo. Nimekuwa na muda mzuri wa kutafakari.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Nimetafakari usiku na mchana, na kosa langu nimeliona. Niliwapa vitabu watu wenye vinyongo. Uhakiki unahitaji msomaji mtulivu, asiye na neno na mtu, asiyelalamika hata akichekwa na ukumbi mzima.

Golikipa nimempa Baba.

Alishangaa kidogo, akanitazama, akauliza kama gazeti hilo linasomwa na watu wengi. Nilipomwambia linafika kila mtaa, akafuta mikono, akavuta kiti. Sasa yuko uani na kitabu tangu chakula cha mchana, penseli ya useremala sikioni. Hajafunua ukurasa wa kwanza, lakini ameshaanza kunisimulia, na mambo ni mazito. Nimeshtuka! Golikipa huyu, mtu mwema na mchapakazi, aliteseka sana maishani kwa sababu ya shemeji yake. Shemeji alikuwa kinyozi. Alikuja kula kwake kila siku ya Mungu, na hakuwahi hata mara moja kuosha sahani.

Nimeandika yote.