Pampu ya Goba Itawaka Saa Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Machi 1997

Siku kubwa! Mzee Muhdhar, tajiri wangu, muuza mabomba na pampu hapa Kinondoni, ameleta kompyuta dukani. Ndani yake kuna programu ya kuchora mabomba na pampu. Inakuonyesha kama maji yatafika au hayafiki kabla hujachimba hata shimo moja. Akauliza nani anaijua. Nikasema mimi. Siijui! Ila Revelian alikuwa anafungua mdomo, nikamwahi.

Revelian ni mwenzangu wa kaunta. Alikuja kutoka Bukoba na cheti cha ufundi, na haipiti siku hajakitaja.

Kazi ya kwanza ni kusukuma maji kutoka kisima cha bondeni Goba mpaka mtaa wa kilimani. Atakayeifanya vizuri ndiye atakuwa Mkuu wa Miradi. Kasheshe ni kwamba huko kilimani ndiko anakokaa Bi Mwanakombo, mama yake Najat, na nilishamwambia kuwa mimi ni Mkuu wa Miradi tangu Idi. Posa inapelekwa Jumapili. Nikikosa cheo, nimekosa mke.

Jumanne, 4 Machi

Programu ina ukurasa mzima wa mipangilio. Vipimo gani, bomba la aina gani, kwa ndani linakwaruza kiasi gani, kinachopita ni maji au mafuta. Maswali kama ya uhamiaji! Kwenye vipimo nikachagua futi, maana seremala wetu wa Tabata anatumia futi na vitanda vyake havijawahi kuvunjika. Kilima cha mita sitini kikawa cha futi sitini. Maji yakapanda mbio. Mzee akafurahi, akasema kumbe hata pampu ndogo inatosha.

Revelian akachungulia. Akauliza kwa upole, mbele ya Mzee, Goba wamekichonga lini kile kilima. Mzee alicheka mpaka akashika meza. Nikarudisha mita na pampu kubwa. Nimeumia sana.

Alhamisi, 6 Machi

Nimelipiza! Mipangilio inakubali kufungwa kwa neno la siri. Nimeifunga. Revelian hachungulii tena. Neno lenyewe ni NAJAT. Nani atalijua?

Programu inataka pia saa ya kuwasha pampu na saa ya kuzima, kwa kuwa Goba hakuna tangi na maji yatakwenda moja kwa moja kwenye koki. Alasiri nikapanda kumuuliza Bi Mwanakombo. Nikatoa shikamoo ndefu, nikapewa marahaba fupi. Akasema wao wanachota saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa mbili, basi, na kama huyo Mkuu wa Miradi hawezi kuwaletea maji saa hizo, posa yake aipeleke kisimani. Najat alichungulia dirishani akacheka. Sijui alikuwa ananifurahia au ananikejeli. Nimechagua la kwanza.

Ijumaa, 7 Machi

Nimeandika kabla ya swala. Kuwasha: 12. Kuzima: 2. Kompyuta ikakubali bila ubishi. Printa ikatoa karatasi safi, nikampa fundi Bakari aiweke pampu na swichi yake yenye saa kama ilivyoandikwa, ianze kazi Jumapili. Bakari akauliza kama nina uhakika na hizo saa. Nikamwambia fundi habishani na kompyuta. Revelian naye akaomba apitie mara moja tu. Nikamwambia kwa adabu zote akaangalie kaunta.

Jumapili, 9 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Saa kumi na mbili asubuhi mtaa mzima ulikuwa uani kwa Bi Mwanakombo, ambako niliagiza koki zote nne zielekezwe. Ndoo zaidi ya sitini. Mimi nimevaa kanzu mpya. Nikazifungua koki zote kwa mkono wangu mpaka mwisho, watu waone sina wasiwasi. Ikatoka hewa. Kisha mende mmoja. Ilipofika saa moja watu wakaanza kuondoka wakisema maneno ambayo siwezi kuyaandika. Bi Mwanakombo akaileta ndoo yake tupu, akaniwekea miguuni.

Washenga wakafika saa tano. Mikeka ikatandikwa uani, pilau ikaletwa kwenye masinia. Baba mdogo akakohoa, akatoa barua ya posa, akaanza kuusifu ukoo wetu. Saa sita kamili koki zote nne zikanguruma! Hakuna aliyekuwa amezifunga. Maji yakamkumba baba mdogo kifuani, barua ikaelea, pilau ikawa uji. Bakari alishuka kilima mbio kwenda kuzima pampu. Kwa karatasi yangu, ingesukuma mpaka saa nane usiku.

Najat alilia. Roho imeniuma kweli kweli.

Jumatatu, 10 Machi

Revelian alikisia neno la siri mara ya kwanza. Duka zima lilikuwa linalijua! Akatuonyesha kosa. Kompyuta inaanza kuhesabu saa usiku wa manane, sie tunaanza kunapokucha, kwa hiyo kumi na mbili yake ni saa sita yetu ya mchana, na mbili yake ni saa nane yetu ya usiku. Tofauti ni saa sita tu, akasema, hata mtoto anajua. Nikasema nilijua, nilikuwa naipima mashine. Mzee amempa yeye cheo na kiti cha kuzunguka. Mie nimerudishwa kuhesabu viungio vya mabomba.

Alhamisi, 13 Machi

Habari njema! Najat amembembeleza mama yake. Posa irudi Jumapili, ila ipokelewe kwa mjomba wake Jabiri, Kiwalani, na mimi nisiguse tena maji ya Goba. Nimeapa.

Kiwalani si Goba. Na Mjomba Jabiri juzi tu kanunua kwetu pampu na swichi yake, inasubiri kupangiwa saa. Nikampelekea salamu kwamba Jumapili saa nne asubuhi, washenga wakiingia, maji yatawapokea. Revelian alipokwenda kula, nikakaa kwenye kiti chake.

Safari hii sikukurupuka. Tofauti ni saa sita, basi nikatoa sita kwenye nne. Nikapata mbili yenye kistari mbele. Kompyuta ikagoma. Nikaondoa kistari, ikakubali palepale. Kumbe mashine hizi ni kuelewana nazo tu!

Karatasi nimeshampa Bakari. Mjomba Jabiri nimemwambia atandike mikeka karibu kabisa na koki, na azifungue zote tangu Jumamosi jioni, ili asubuhi tusihangaike.